Mazuku ni nini, na kwa nini mtoto huanguka kabla ya mtu mzima

Mvua ikikatika na jua likapiga siku mbili tatu, watoto wa upande wa magharibi wa Goma, mashariki mwa Kongo, hawashikiki nyumbani. Mmoja anateremka na chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mwingine anafuata mbuzi, waliobaki wanapiga mpira wa mifuko juu ya mawe ya volkano. Mzazi wa Goma, kama mzazi wa mji wowote, anaogopa pikipiki na anaogopa ziwa. Yule wa Keshero, Mugunga, Bulengo au Sake ana hofu ya tatu, nayo ni mazuku.

Mazuku ni mahali palipo chini, iwe shimo, kibonde au ufa wa mawe, ambapo gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini na kutuama. Gesi yenyewe si ngeni: tunaitoa kifuani kila tunapopumua, na ndiyo inayofanya soda itoe mapovu. Kinachoua ni wingi wake. Katika hewa ya kawaida ni kama asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia 10, mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na ikizidi hapo kifo hakiko mbali. Katika baadhi ya mazuku ya pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu, waliopima wamekuta zaidi ya asilimia 50.

Asili yake ni magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, iliyo chini kabisa ya eneo hili la volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Gesi inajitenga na magma, inapanda kupitia nyufa za ardhi, na ikishafika juu haipai. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hufuata mteremko na kujaa palipo chini kama maji yanavyojaa beseni. Tofauti ni kwamba maji unayaona. Hapa hakuna moshi, na hakuna harufu ya kukufanya urudi nyuma.

Mara nyingi gesi hii haijai mpaka juu. Inaweza kuishia magotini au kiunoni mwa mtu mzima. Baba anakatiza kibonde, kichwa chake kiko kwenye hewa safi, anatokea ng'ambo na kusema hapa hapana kitu. Mtoto wa miaka mitano anayemfuata ana pua ndani ya gesi tangu hatua ya kwanza. Tena mtoto hapiti tu. Anachuchumaa, analala kifudifudi akijificha wenzake wasimpate, anainama kuokota mpira. Mbuzi na mbwa hufia humo kwa sababu hiyo hiyo ya kimo. Kwa hiyo yule jirani anayesema “mimi napita hapo kila siku” hajathibitisha lolote, isipokuwa urefu wake.

Halafu kuna suala la saa. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa baridi na imetulia, gesi hujikusanya. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, hutawanyika na kupungua. Shimo la saa nane mchana na shimo hilo hilo saa kumi na mbili asubuhi ni mashimo mawili tofauti. Kwa maoni yangu, hapa ndipo sisi watu wazima tunajidanganya zaidi: watoto wamecheza mahali Jumamosi nzima bila kuumwa hata kichwa, tunahitimisha kwamba pako salama, kisha Jumatatu kabla ya jua tunamtuma mmoja wao apite hapo hapo na bidoni kwenda kuchota maji.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, pumzi kwenda mbio, kizunguzungu, miguu kulegea. Mtoto anayezisikia apande juu mara moja, asikae chini kupumzika. Gesi ikiwa nyingi, lakini, dalili hizo hazipati nafasi: mtu huanguka tu. Na anayeanguka huwavuta wengine. Rafiki anashuka kumwinua, naye anaanguka. Mama anasikia kelele, anashuka. Hili ndilo la kumrudishia mtoto mpaka achoke kulisikia: mwenzako akianguka shimoni, usishuke, piga kelele, kimbia uite watu wazima. Watu wazima nao wajaribu kumvuta wakiwa juu, kwa kamba au mti mrefu, na akishatoka apelekwe mahali pa juu penye upepo, apuliziwe pumzi ikiwa hapumui. Kitambaa chenye maji puani hakisaidii kitu. Barakoa za kawaida pia hazisaidii, maana gesi hii hupita humo kama hewa.

Wapo wanaopima kwa moto: wanateremsha mshumaa au kijinga, ukizimika wanajua gesi ipo. Ni kweli moto huzimika. Ila usipozimika haimaanishi pako salama, kwa sababu kuna kiwango ambacho mshumaa bado unawaka na mtoto tayari amelewa. Alama za kuaminika zaidi ni mizoga ya ndege, nyoka na wadudu chini ya shimo, pamoja na vibao vya tahadhari vilivyowekwa sehemu kadhaa. Wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, wanayajua mengi ya mazuku haya, na wazee wa mtaa huwa wanayajua pia.

Tusichanganye mambo mawili. Gesi iliyoyeyuka katika vilindi vya Ziwa Kivu ni habari nyingine: imebanwa huko chini na uzito wa maji. Mazuku yako nchi kavu, yanavuja leo, nyuma ya nyumba.

Ardhi hiyo ya mazuku ndiyo iliyopokea kambi ya wakimbizi ya Mugunga mwaka 1994, na ndiyo iliyobeba mahema ya waliokimbia vita huko Bulengo na Lushagala mpaka mwanzoni mwa 2025. Mgeni hajui kibonde kipi kinaua, na mtoto mgeni hajui kabisa. Anayehamia aulize kabla ya kulala usiku wa kwanza, na hema au kitanda kisiwekwe mahali palipobonyea.

Mji nao unaendelea kuchimba. Msingi wa nyumba uliosimama kwa kukosa pesa, shimo la choo lisilomalizika, shimo la taka: katika mitaa hiyo kila kimoja kinaweza kukusanya gesi, na kila kimoja kinawavutia watoto. Lisilotumika lijazwe mawe, yamejaa kila mahali. Linalosubiri fundi lizungushiwe uzio.