Kuhama kituo si kuacha uuguzi

Ajira za serikali za kada za afya zikitangazwa, matroni wa hospitali za misheni huku Nyanda za Juu Kusini huanza kuhesabu watu wao. Wanaowatia hofu zaidi ni wauguzi wa mwaka wa kwanza na wa pili kazini, ambao ndiyo kwanza wameizoea wodi. Wakiondoka, neno ni lile lile: vijana wa siku hizi hawana wito.

Nawafundisha vijana hao, na lawama hiyo inaniuma kwa sababu inachanganya mambo mawili. Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen, wanasaikolojia wa Kanada, walieleza kwamba mtu hubaki kwa mwajiri kwa sababu tatu: anapapenda, kuondoka kutamgharimu, au anaona ana deni la kulipa. Mwaka 1993, wakiwa na Catherine Smith, walipeleka swali hilo kwenye taaluma yenyewe, wakawahoji wanafunzi wa uuguzi na wauguzi waliosajiliwa. Ikaonekana kwamba kuipenda taaluma na kumng'ang'ania mwajiri ni vitu viwili tofauti.

Mfikirie muuguzi wa stashahada aliye hospitali ya misheni kule Makete. Serikalini, akimaliza miezi 12 ya majaribio na kuthibitishwa, ana ajira ya kudumu na pensheni. Ana wadogo zake wa kusomesha. Akihama, kesho yuko leba ya kituo kingine anazalisha vilevile. Wito wake uko pale pale.

Mimi namhofia zaidi aliyebaki kwa kukosa njia. Amepangiwa zahanati ya mbali huko Ludewa, mwenzi wake yuko Iringa mjini, na ombi la uhamisho halijibiwi. Kwenye daftari la mahudhurio anasaini kila siku, na halmashauri inamhesabu kuwa amebaki. Mama mjamzito anayefika saa nane usiku ndiye anayejua kama kweli yupo.

Mengi huamuliwa miezi ya mwanzo. Wa shahada hupata mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo kabla ya kujitegemea. Wa stashahada hutoka chuoni moja kwa moja hadi wodini, na ndiye tunayemtegemea vijijini. Zamu yake ya kwanza ya usiku anaachiwa wodi na mhudumu mmoja. Mama akianza kutokwa damu baada ya kujifungua, hatua zote anazijua: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, dripu, kuita msaada. Lakini hajawahi kuzifanya bila mkunga mzoefu pembeni. Usiku kama huo ukimkuta peke yake, anaweza kuuchukia uuguzi wenyewe, na huyo ndiye tunayempoteza kabisa.

Kwa hiyo, matroni, miezi mitatu ya kwanza mpange muuguzi mpya zamu za usiku na mkunga mzoefu, hata kama ratiba itabana. Na siku akileta barua ya kuomba kuhama, kaa naye umuulize nini kilikuwa kinamshikilia hapo na nini kimelegea, kisha ndipo usaini.