Yai lililokwama halipasuliwi tumboni
Imani ya siku nyingi husema kwamba kuku akishindwa kutaga, dawa ni kumkamua au kulipasua yai humo humo ndani. Si kweli, ingawa hufanywa kwa nia njema: vipande vya gamba huweza kukata mfereji wa mayai, na mabaki ya yai huoza na kuleta maambukizi. Kuku huyo, anayesimama mkia chini akijikakamua bure, mara nyingi amepungukiwa kalsiamu, madini ambayo gamba moja hutumia takriban gramu 2, na ambayo misuli nayo huyahitaji ili isukume yai. Mkalishe kwa upole katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe, mweke penye joto na utulivu. Yai lisipotoka baada ya saa chache, mpeleke kwa daktari wa mifugo.