Uchunguzi wa usalama kituoni: mzazi anapaswa kuambiwa nini

Ukaguzi na uchunguzi ni vitu viwili. Ukaguzi ni wa kawaida: Afisa Ustawi wa Jamii anafika kituo cha kulelea watoto kutazama leseni, vyoo, uzio, jiko na idadi ya walezi, hata kama hakuna aliyelalamika. Uchunguzi huanza palipo na tukio au malalamiko: mtoto kaungua uji, katoka getini peke yake, karudi na alama za fimbo.

Jijini Dar es Salaam malalamiko hupelekwa halmashauri ya mahali kituo kilipo. Kituo kikiwa Mbagala, ni Temeke, hata kama mzazi anaishi Gongo la Mboto. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Panaponuka jinai, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ambako hutolewa pia PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali mtu aliyeumizwa.

Mzazi wa mtoto husika apigiwe simu siku hiyohiyo, kisha apewe maandishi: nini kilitokea, saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, mtoto alipewa huduma gani, mamlaka ipi imejulishwa, na kama mlezi anayetajwa bado anashika watoto. Hilo la mwisho vituo vingi hulikwepa, na ndilo la kuuliza kwanza. Wazazi wengine nao waambiwe kwamba uchunguzi upo, ila jina la mtoto lisitajwe, wala la mtuhumiwa lisirushwe kwenye grupu la WhatsApp. Likisharushwa, mashahidi huanza kusimulia walichosoma badala ya walichoona.

Kinachoharibu kesi nyingi ni kusubiri. Uongozi unasema "tujiridhishe kwanza", na wakati huo kamera inarekodi juu ya picha za zamani, michubuko inafifia, daftari la matukio linajazwa kwa kukumbuka. Omba kwa maandishi, mapema, picha za siku ile zihifadhiwe.

Mzazi pia huharibu bila kukusudia. Mtoto wa miaka 3 akiulizwa mara kumi "ni dada fulani alikupiga, eti?", atakubali ili amridhishe mama. Uliza mara moja tu, "Ilikuwaje?", andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na saa, basi. Alama ipige picha ukiweka rula pembeni. Ukihisi ukatili wa kingono, usimwogeshe. Nguo zake ziweke kwenye bahasha ya karatasi, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu unaoozesha ushahidi. Mfikishe hospitali mara moja: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito.

Majibu yakija "haikuthibitika", maana yake ushahidi haukutosha. Hayasemi kwamba jambo halikutokea. Uliza kituo kimeagizwa kurekebisha nini na mwisho lini, kisha siku hiyo ikifika nenda ukaangalie: kama geti halikuwa na komeo la juu, sasa liwepo.