Kumuuliza daktari maswali sio ukorofi jamani

Wengi tukiingia kwa daktari tunageuka bubu, maumivu uliyoyalalamikia nyumbani wiki nzima yanaishia kuwa "naumwa kidogo tu dokta", halafu ukishatoka nje ndo unakumbuka kila kitu. Aibu ipo sawa, ila kuna mambo tumeaminishwa.

La kwanza, eti mgonjwa mzuri ni anayekaa kimya na ukiongea sana unampotezea daktari muda. Wapi! Marekani mwaka 1984 watafiti walirekodi maongezi ya madaktari na wagonjwa, wakakuta mgonjwa anakatizwa baada ya sekunde 18 tu kwa wastani. Baadae Uswisi wakajaribu kuwaacha wagonjwa waseme mpaka wamalize wenyewe, wastani ukaja kama sekunde 92, yaani dakika moja na nusu. Huo ndo muda tunaoogopa kuupoteza? Kwahiyo ukikatizwa sema tu "dokta naomba nimalizie, bado kuna jambo", na lile linalokutisha zaidi lianze, usilibakize mpaka umeshaaga unataka kutoka. Halafu toa maelezo yenye nyama: limeanza lini, linazidi saa ngapi, limekuzuia kufanya nini. "Nachoka" haimwambii kitu, "siku hizi sipandi ngazi bila kusimama katikati" hiyo inamwambia.

La pili, kwamba kutafuta maoni ya daktari mwingine ni kumdharau wa kwanza. Madaktari wenyewe wameliandika hili, Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1981 na lililorekebishwa baadae, linasema mgonjwa ana haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine hatua yoyote ile. Omba nakala za vipimo vyako uende navyo, usianze upya kutobolewa (ila kama ni dharura tibiwa kwanza, hayo mengine baadae).

Kuna na wale wa upande wa pili, wanadhani kujitetea ni kufoka au kupewa kila unachotaka. Hapana. Una mafua ya virusi unang'ang'ania antibayotiki, daktari akikunyima hajakuonea, hazitibu virusi hizo. Haki yako ni kusikilizwa na kuelezwa kwanini, kwahiyo badala ya "niandikie dawa fulani" uliza "inaweza kuwa nini kingine?" Swali fupi ila linamrudisha daktari kufikiria tena.

Na ndugu anayekusindikiza sio mbeba mkoba tu. Uingereza kuna binti wa miaka 13, Martha Mills, alifariki 2021 hospitalini, wazazi wake walikuwa wameshasema wana wasiwasi na hali yake ila hawakusikilizwa ipasavyo, na kuanzia 2024 hospitali za kule zikaanza kuweka utaratibu uliopewa jina lake, familia ikiona mgonjwa anazidiwa inaomba timu nyingine ije imwangalie haraka. Mtu anayekujua anaweza kuona mabadiliko kabla ya mashine.

Ah, na ile ya kuitikia "nimeelewa" wakati hujaelewa, tuache. Rudia kwa maneno yako, "kwahiyo hii nakunywa mara mbili baada ya kula, na nikiona dalili gani nirudi hata kabla ya tarehe?" Hilo la mwisho usitoke bila jibu lake.