Usaili wa Rubani Ndani ya Simuleta: Akili Ibaki na Nafasi

Nikiwa nimekaa kiti cha mkufunzi ndani ya simuleta, chombo cha mafunzo kinachoiga ndege, nyuma ya marubani wawili wanaofanyiwa usaili, dalili ya kwanza kwamba mmoja wao ameelemewa huwa ni ukimya. Ndege bado iko kwenye mwinuko uliotakiwa na mwendo ni uleule, lakini yeye amekwisha kuacha kuzungumza. Mwenzake akimuuliza jambo, anatikisa kichwa tu. Dakika mbili baadaye mwinuko unaanza kupotea, naye anashangaa umepotea saa ngapi.

Nimefundisha na kupima marubani kwa miaka mingi, na vijana wanaoitwa na mashirika ya ndege huniuliza swali lilelile: watanipa hitilafu gani? Naelewa kwa nini wanauliza. Mtu ametumia fedha nyingi na miaka ya masomo kupata leseni, na sasa kila kitu kinaonekana kuning'inia kwenye saa moja. Lakini swali hilo humpeleka mtu kwenye maandalizi yasiyomsaidia. Afadhali ajiulize hivi: mikono yangu ikiwa inarusha ndege, ni kiasi gani cha akili kitabaki huru kwa mambo mengine?

Kwa kawaida usaili huu hufanyika baada ya mtihani wa maandishi na mahojiano. Watahiniwa wawili huingia pamoja. Mmoja anarusha huku mwingine akifuatilia ala, yaani vipimo vilivyo mbele ya rubani, akiongea na waongoza ndege na kusoma orodha za ukaguzi, kisha wanabadilishana. Mara nyingi aina ya ndege ni ile ambayo wote wawili hawajawahi kuigusa, kwa hiyo hakuna anayetarajia uijue mifumo yake. Shirika linataka kujua mambo mawili: kama utafundishika ndani ya muda wa kozi yao, na kama kapteni atakuwa salama akikaa na wewe usiku, kwenye mvua, mmechoka nyote.

Yatakayoombwa ni ya msingi. Kuruka, kupanda, kusawazisha ndege, kugeuka kwa kulaza mabawa digrii 45 bila kupoteza mwinuko, kupunguza na kuongeza mwendo, kuzunguka angani kwenye kituo cha kusubiri zamu ya kutua, kushuka kwa kufuata mawimbi ya ILS, mtambo wa redio unaoielekeza ndege kwenye njia ya kutua, na pengine kughairi kutua na kupaa upya. Injini moja inaweza kuzimika. Otopailoti, mtambo unaorusha ndege badala ya mikono ya rubani, mara nyingi itakuwa imezimwa, na hata ile misalaba ya kwenye kioo inayomwelekeza rubani pa kuelekeza pua itakuwa imeondolewa. Unabaki wewe na ala tupu.

Hapo ndipo tarakimu zinapokuokoa. Kila ndege ina jozi zake: pua ikiwa digrii kadhaa juu ya upeo na injini zikiwa kwenye asilimia fulani, ndege itakwenda kwa mwendo fulani bila kupanda wala kushuka. Ukiweka jozi hiyo na kusubiri, ndege yenyewe itatulia hapo. Asiyezijua jozi hizo hukimbizana na mshale wa mwendo: anaongeza nguvu, unazidi, anapunguza, unapungua mno, na akili yake yote inaishia kwenye mshale mmoja. Mashirika mengi hutuma jedwali la tarakimu hizo siku kadhaa kabla. Mtahiniwa makini analikariri kama jina lake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waliandike kwenye kadi, kisha wakae kwenye kiti cha kawaida nyumbani, wafumbe macho na kuipitia safari nzima kwa sauti, mikono ikienda kila mahali inapotakiwa kwenda. Anayepita dirishani atadhani umechanganyikiwa. Mwache apite.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana kwa uchungu mkubwa usiku wa Juni 1, 2009. Ndege ya Air France, safari namba 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilikuwa juu ya Atlantiki pale chembe za barafu zilipoziba mirija inayopima mwendo. Taarifa za mwendo zikawa si za kuaminika, otopailoti ikajitoa, na marubani wakaachiwa ndege mikononi ghafla. Injini zilikuwa zinafanya kazi. Mwinuko wa pua na nguvu za injini vingeachwa jinsi vilivyokuwa, ndege ingeendelea na safari. Badala yake pua iliinuliwa, mabawa yakakosa mnyanyuo, na ndege ikashuka hadi baharini. Watu wote 228 walifariki. Mpimaji anapokuzimia otopailoti na kukaa kimya nyuma yako, tukio kama hili ndilo analolifikiria.

Pamoja na jozi hizo, beba hesabu chache za kichwani. Kwenye mteremko wa digrii 3, kasi ya kushuka, kwa futi kwa dakika, ni mwendo wako juu ya ardhi kwa noti (maili za baharini kwa saa) mara 5. Ukiwa na noti 140, unatakiwa kushuka futi 700 kwa dakika. Ukitaka kujua uanze kushuka wapi, chukua maelfu ya futi unayotakiwa kupoteza uzidishe kwa 3: futi 10,000 zinahitaji takriban maili 30 za baharini. Unapopanda kwa futi 1,500 kwa dakika, anza kusawazisha ndege futi 150 kabla ya kufika. Mwenye hesabu hizi hahitaji kubahatisha, na kila asichobahatisha kinamwachia nafasi kichwani.

Macho nayo yana nidhamu yake. Ala ya upeo, inayoonyesha pua na mabawa yamekaaje, iwe kituo. Macho yatoke hapo kwenda kwenye mwinuko, yarudi. Yaende kwenye mwendo, yarudi. Kwenye uelekeo, yarudi. Ukikaa sekunde tano kwenye ala moja, nyingine mbili zimekwisha kuhama. Na ondoa uzito mikononi kwa kutumia trimu, kirekebishi kinachoufanya usukani ukae ulipo bila kuvutwa. Nimeona watahiniwa wakivuta usukani kwa mkono uliokakamaa dakika kumi nzima, jasho likiwatoka, ilhali swichi iko chini ya kidole gumba. Mkono ukikaza, akili nayo inakaza.

Watu huuliza wanaruhusiwa kukosea kiasi gani. Kanuni za Ulaya za mtihani wa leseni zinataja futi 100 juu au chini kwenye mwinuko, digrii 5 kwenye uelekeo na noti 5 kwenye mwendo, injini zote zikiwa zinafanya kazi. Ni kipimo kizuri cha kujifanyia mazoezi. Lakini kwenye usaili mimi hutazama zaidi ndege inaelekea wapi. Rubani aliyepotoka futi 80 na tayari anarudi ananitia moyo kuliko aliyepotoka futi 40 na bado hajagundua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye ILS ufa hukua haraka kwa sababu mawimbi yanabana kadiri unavyoikaribia njia ya kutua. Sahihisho la digrii 2 ukiwa mbali linatosha. Ukilichelewesha, utahitaji digrii 10 ukiwa karibu, na hapo umekwisha kupitiliza.

Je, ukodi simuleta kabla ya siku yenyewe? Ukimudu kipindi kimoja au viwili, fanya hivyo, hasa kama hujaruka kwa miezi kadhaa. Si lazima iwe ile kubwa inayotikisika juu ya miguu sita. Edwin Link alitengeneza chombo chake cha kwanza cha mafunzo kule Binghamton, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kutumia mivukuto ya aina iliyotumika kwenye vinanda vya kiwanda cha baba yake. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wakawa wanakufa kwenye hali mbaya ya hewa kwa kutojua kurusha kwa ala. Jeshi likanunua vyombo sita vya Link. Vilikuwa visanduku vyenye mabawa mafupi, lakini vilimfundisha mtu kuamini ala kuliko masikio na tumbo lake. Programu ya kompyuta nyumbani inaweza kukufanyia kazi hiyohiyo ya kuzoeza macho na kupanga mzunguko wa kusubiri. Uzito wa usukani ndio haiwezi kukufundisha, kwa hiyo usijizoeze humo namna ya kushika.

Kitu nisichokushauri kununua ni "safari yenyewe" ya usaili wa shirika fulani, inayouzwa na waliopita. Mashirika hubadilisha safari hizo. Na hata isipobadilishwa, aliyeikariri huonekana: injini haijazimika bado, mguu wake umekwisha kukaza kwenye pedali. Nikimbadilishia kitu kidogo, kama upepo au njia ya kutua, safari yote aliyoibeba kichwani inamwagika.

Nusu ya saa usiyorusha ndiyo wengi huichukulia kama mapumziko. Hapo alama nyingi hupotea. Desemba 29, 1972, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa ikikaribia Miami usiku. Kitaa cha kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limefunga hakikuwaka. Watu wote ndani ya chumba cha marubani wakashughulikia kitaa. Otopailoti iliyokuwa ikishikilia futi 2,000 ikaachia bila mtu kutambua, na ndege ikateremka polepole hadi kwenye kinamasi. Miaka sita baadaye, Desemba 1978, ndege ya United, safari namba 173, iliishiwa mafuta karibu na Portland wakati kapteni akishughulikia tatizo la magurudumu. Mhandisi wake aliona mafuta yakipungua na alisema, lakini hakusema kwa namna ya kumzuia mtu. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha kuhusu ajali za namna hii, na hapo ndipo yalipoanzia mafunzo ya ushirikiano wa chumba cha marubani ambayo sasa kila rubani wa shirika hupitia.

Kwa hiyo ukiwa unamfuatilia mwenzako, mfuatilie kweli. Taja kilichopotoka, kwa maneno machache, mapema: mwendo, noti 10 zaidi. Usimpe hotuba. Yeye akijibu kwamba anarekebisha, mnakwenda. Asipojibu, rudia. Asipojibu tena, huyo ameelemewa na anahitaji umpunguzie kazi: mwombee waongoza ndege mzunguko wa kusubiri, mpe uelekeo, msomee tarakimu. Huyo si mshindani wako. Nimewahi kupitisha wote wawili, na nimewahi kurudisha wote wawili, na mara zote mbili sababu ilikuwa jinsi walivyosaidiana au walivyoachana.

Injini ikizimika wakati wa kuruka, rusha kwanza. Shika uelekeo kwa pedali, inua pua taratibu, ndege ikipanda kunja magurudumu. Katika taratibu nyingi hakuna swichi ya injini inayoguswa kabla ya futi 400, na hata hapo mikono haina sababu ya kukimbia. Mkiwa juu na ndege imetulia, ndipo mnapofikiri pamoja. Lufthansa na kituo cha anga cha Ujerumani waliunda mpangilio uitwao FORDEC, kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza: ukweli wa mambo, chaguzi zilizopo, hatari na faida zake, uamuzi, utekelezaji, kisha kukagua kama uamuzi bado unafaa. Herufi zozote mtakazotumia, muulize mwenzako anaonaje kabla hujasema unaonaje wewe, maana ukitangulia atakubaliana nawe tu.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi. Lala usiku uliotangulia badala ya kusoma. Fika mapema, leseni, cheti cha afya na kitabu cha saa za kuruka vikiwa mkononi. Mkikutana na mwenzako mapokezi, mkubaliane mtakavyokabidhiana usukani na maneno mtakayotumia. Dakika kumi hizo zina thamani kubwa.

Halafu utakosea. Namkumbuka kijana mmoja aliyeuvuka mstari wa ILS akiwa bado anageuka. Mishale ikakimbilia pembeni. Akasema waziwazi kwamba hajatulia kwenye njia, akaghairi, akapaa, akaomba nafasi ya pili, na njiani akamweleza mwenzake atakachobadilisha: atapunguza mwendo mapema zaidi. Mara ya pili alitua vizuri tu, si kwa ustadi wa kutisha. Nilimpendekeza bila kusita. Kabla yake alikuwepo mwingine aliyepoteza futi 150 kwenye mgeuko wa kwanza. Lilikuwa kosa la kawaida kabisa, ila aliendelea kulitafuna kichwani hadi mwisho wa safari, na kila kilichofuata kilimkuta bado yuko kule kwenye mgeuko.

Jukwaa la simuleta likishatulia na taa kuwashwa, nitakuuliza uliionaje safari yako. Usianze kuilaumu simuleta kwamba usukani wake ni mzito, naujua, nimeurusha. Nitajie mawili uliyoyaona yamekwenda mrama, yalianzia wapi, na ungeyashika mapema kwa njia gani. Kisha nitakuuliza mwenzako alifanya jambo gani lililokusaidia, na hapo kalamu yangu huwa bado haijafungwa.