Katiba ya Marekani ikibadilishwa, gavana hatii saini

Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea kuona muswada wa kubadili Katiba ukimsubiri Rais. Marekani sivyo. Tangu 1798 Mahakama ya Juu ilikwishaamua kwamba saini ya Rais haihitajiki. Pendekezo likipata theluthi mbili katika kila baraza la Congress, yaani bunge la taifa, linapelekwa majimboni, na likiridhiwa na majimbo 38 kati ya 50 linaingia katika Katiba. Huko nako gavana hana kura ya veto. Hata wananchi hawawezi kulitengua kwa kura ya maoni: Ohio ilijaribu kuhusu marufuku ya pombe, na mwaka 1920 mahakama ikasema kazi hiyo ni ya bunge la jimbo, si ya wapiga kura.

Ugumu unaanzia ndani ya bunge lenyewe la jimbo. Mwaka 1937 Seneti ya Kansas ilipigia kura pendekezo kuhusu ajira ya watoto, zikatoka 20 kwa 20. Naibu Gavana, aliyekuwa akiongoza kikao, akapiga kura ya ndiyo. Je, yeye ni sehemu ya bunge? Mwaka 1939 Mahakama ya Juu ilisema majaji wamegawanyika sawasawa kuhusu kama hilo ni swali la mahakama au la kisiasa, ingawa walikuwa tisa! Wanasheria wanalicheka jambo hilo hadi leo.

Kansas hiyohiyo ilikuwa imelikataa pendekezo hilo mwaka 1925. Mahakama ikaona kwamba uzito wa kukataa kwa awali ni suala la kisiasa, la kuamuliwa na Congress. Je, na jimbo lililoridhia kisha likajitoa? Ohio na New Jersey zilifanya hivyo mwaka 1868 kuhusu Marekebisho ya 14 ya Katiba (yale ya uraia na usawa mbele ya sheria), na Congress ikazihesabu vilevile. Binafsi naona mfano huo una nguvu, lakini si hukumu ya mahakama.

Ndiyo maana pendekezo la usawa wa haki kwa wanawake na wanaume, lililopitishwa na Congress mwaka 1972, bado linabishaniwa. Virginia iliridhia mwaka 2020 ikawa ya 38, ila majimbo kadhaa yalikwishajitoa, na muda uliowekwa na Congress ulimalizika 1982. Desemba 2024 Mtunza Nyaraka wa Taifa, ambaye huthibitisha rasmi marekebisho yaliyoridhiwa, alisema hawezi kulithibitisha. Mwezi uliofuata Rais Biden akatangaza kwamba, kwa maoni yake, limekwisha kuwa sheria. Kwa kuwa Rais hana sehemu katika utaratibu huu, tangazo hilo halikubadili kitu.