Wanayosema watu kwenye foleni ya ritani, na ukweli wake

Wiki ya mwisho ya Juni, kabla muda wa kujaza ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haujaisha, saiba (maduka ya intaneti) za River Road jijini Nairobi hujaa watu walioshika P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na ushauri hutolewa bure. Mwingi ni mbovu.

"Nakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kila mwezi, KRA watanidai nini?" Hili ndilo linaloumiza wengi. Chukua mwalimu anayefundisha shule ya Umoja mchana na chuo cha mjini jioni. Kila mwajiri anamkata kana kwamba ndiye mwajiri wake pekee: anampa nafuu, yaani punguzo la kodi, ya shilingi 2,400 kwa mwezi na kuanza hesabu kwenye asilimia 10. Sheria inamruhusu nafuu moja tu. Akijumlisha P9 zote mbili kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani, nafuu ya pili pekee inamwachia deni la 28,800 kwa mwaka, na bado hatujagusa viwango vya kodi. Hakuna aliyeiba. Ni hesabu mbili ambazo hazijawahi kukutana.

"Kama huna pesa, usijaze kwanza." Basi utalipa mara mbili. Kuchelewesha ritani kuna faini yake: shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Kuchelewa kulipa ni kosa jingine: asilimia 5 ya deni, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa deni la 28,800 hiyo ni 1,440, halafu 288 kila mwezi unapoisha. Jaza kabla ya 30 Juni kupita, kisha omba kulipa kwa awamu.

"Ukiona alama ya kutoa mwishoni, subiri M-Pesa ilie." Utasubiri sana. Alama hiyo ina maana umelipa kodi kupita kiasi, na ziada huombwa kwenye iTax, ndani ya miaka 5 tangu kodi ilipolipwa, na ikiwa una deni la zamani, inalipa hilo kwanza. Mara nyingi hutokana na bima ya maisha ambayo mwajiri hakuambiwa. Nafuu yake ni asilimia 15 ya michango, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Wengine huogopa kuomba wasije wakakaguliwa. Ni kweli wanaweza kukagua, ila mwenye cheti cha bima mkononi anaogopa nini?

"KRA wakishakukadiria kodi, imekwisha." Una siku 30 za kupinga kwa maandishi. Zinahesabika hata kama notisi ya makadirio imelala kwenye baruapepe uliyofunguliwa saibani siku ya kutafuta PIN, na nywila yake anaikumbuka yule kijana wa saiba tu.